Viwanja vya Engaruka: Tunalinda Nini Hasa?

Hotuba kwa walimu wa historia, waongoza wageni na wanafunzi, Arusha

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, ndugu zangu waongoza wageni, na ninyi wanangu wanafunzi mliobanana kule karibu na mlango, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa saa moja na kunidokeza kwamba chai imeshaiva, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Barua ya mwaliko imeitaja mada yangu kuwa “Mji Uliopotea wa Engaruka”. Aliyeiandika anisamehe, maana naanza kwa kuibishia. Engaruka, makazi ya kale ya wakulima yenye kuta za mawe, haijawahi kupotea. Wafugaji wa Kimaasai wamelisha mifugo kati ya kuta zile kizazi baada ya kizazi. Misafara iliyotoka Pangani kwenda bara katika karne ya 19 ilipita njia ile kwa sababu ambayo kila msafiri anaielewa: kuna maji. Gustav Fischer, Mjerumani anayetajwa vitabuni kuwa ndiye wa kwanza kuandika habari za kuta hizo mwaka 1883, alifika pale na msafara uliotokea pwani. Alizifananisha na kuta za ngome kuukuu zilizobomoka. Sasa niambieni, mahali ambapo mchungaji anapita kila siku na mpagazi anapumzika apoze koo, pamempotea nani?

Ubaya mwingine wa habari za mji uliopotea ni kwamba zinampeleka mgeni akatafute kisichokuwepo. Anatafuta lango, jumba la mfalme, mnara. Akikosa, anarudi kwenye gari amenuna, na mwongoza wageni anajitahidi kumfurahisha kwa hadithi za kubuni. Nimezisikia baadhi. Kuna mwongozaji mmoja alikuwa akionyesha jiwe la kawaida kabisa na kusema ndipo chifu alipokuwa akiketi kuhukumu. Namfahamu, yumo humu ndani, na leo anacheka kuliko wote.

Kwa ambao hawajafika: ukitoka Mto wa Mbu ukashika barabara ya vumbi ya kaskazini, ile iendayo Ziwa Natron, unapita Selela, na baada ya kilomita zipatazo 60 unaingia Engaruka, wilaya ya Monduli. Mkono wa kushoto umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, unaopanda hadi nyanda za juu za Ngorongoro zenye misitu na ukungu. Mkono wa kulia ni tambarare kavu ya migunga na vumbi jepesi. Kaskazini unaona Kerimasi, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai. Mvua ya pale chini ni haba, haimtoshi mkulima kuitegemea. Lakini mvua inayonyesha kule juu hushuka kwenye korongo la mto Engaruka na vijito vya jirani, ikamwagika kwenye nchi ambayo bila hiyo ingekuwa ya miiba mitupu. Hilo la maji lishikeni, nitalirudia.

Chini ya ukuta huo wa Bonde, kwenye miteremko yenye mawe, kuna mabaki ya vijiji 7. Ukitazama kutoka barabarani huoni kitu, mawe meusi tu ya volkano na vichaka. Panda kidogo, jua likiwa bado liko chini, uone vivuli. Hapo ndipo mlima unajigawa. Unaona mstari wa mawe, juu yake pahala tambarare, juu yake mstari mwingine na tambarare nyingine, safu juu ya safu, kama viti vya uwanja wa mpira. Hizo tambarare ndizo nilizokuja kuzungumzia. Mimi naziita viwanja, maana ndivyo vilivyo: viwanja vya nyumba.

Tusimame kwenye kimoja tukichunguze. Aliyekijenga alianza kwa kukata mteremko upande wa juu. Udongo na mawe aliyoyachimbua akayasogeza upande wa chini, ambako peke yake yangeporomoka, kwa hiyo huko akajenga ukuta wa kuyazuia. Utazameni ukuta huo kwa makini. Mawe makubwa yako chini, mengi yamelazwa kwa urefu kuelekea ndani ya mlima, ili uzito wa udongo uyakaze badala ya kuyasukuma nje. Juu yake yapo madogo zaidi. Katikati ya jiwe na jiwe vimeshindiliwa vijiwe vya kujaza mwanya, na ukijaribu kuking'oa kimoja (msijaribu, tafadhali) utaona kimebana kweli kweli. Hakuna chokaa, hakuna udongo wa kugandisha. Ni jiwe kukaa juu ya jiwe kwa hesabu ya mtu aliyejua kazi yake. Nyuma, pale mteremko ulipokatwa, mara nyingi kuna ukuta mwingine mfupi wa kuzuia mlima usishuke ndani ya nyumba.

Kilichopatikana ni sakafu yenye umbo la nusu mwezi hivi, au yai, imetulia sawasawa juu ya mteremko ambao mbuzi tu ndiye angeufurahia. Hapo juu palisimama nyumba ya miti na nyasi. Miti na nyasi zilioza zamani, na tuliyobakiwa nayo ni sakafu na ukuta ulioibeba. Kati ya kiwanja na kiwanja kuna vijia vinavyopanda, vingine vimepangwa mawe, na ukivifuata unaanza kuelewa nani alikuwa jirani ya nani, nani alipita mlangoni kwa nani akienda kuteka maji.

Mwaka mmoja nilipeleka wanafunzi. Tumepanda, tumechoka, tumekaa chini kupumzika, kijana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, sasa hayo magofu yenyewe yako wapi?” Alikuwa ameketi katikati ya sakafu ya mtu, amejiegemeza kwenye ukuta wake. Sikumlaumu. Picha ya gofu aliyonayo kichwani ni ya Kilwa Kisiwani: msikiti mkubwa, kuba, mihrabu, kuta za matumbawe zinazompita mtu urefu. Hakuna aliyemfundisha kwamba sakafu nayo ni gofu.

Na hapa nieleze kwa nini nasema jambo la kulindwa pale ni mpangilio kuliko mawe yenyewe. Jiwe la Engaruka ukilileta hapa Arusha ukaliweka mezani, halina thamani yoyote. Ni jiwe la lava, yamejaa hata njia ya kwenda Usa River. Thamani yake iko katika kulala pale lilipolazwa, juu ya lile na chini ya hili. Ukiliondoa mahali pake umefuta sentensi, na huwezi kuirudisha kwa kulirudisha jiwe, kwa sababu hukumbuki lilikuwa limegeukia wapi. Ndiyo maana hata mtu mwenye nia njema anayeokota mawe yaliyoanguka na kuyapanga upya ili “papendeze” anaharibu. Anatuachia ukuta wa kwake juu ya ukuta wa wale.

Watafiti walianza kufika mapema. Hans Reck, mwanajiolojia yule yule aliyefanya kazi Olduvai, alipita mwaka 1913. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikwenda mwaka 1935, akatembea siku chache na kuandika ripoti iliyoipa Engaruka jina duniani. Alikadiria nyumba zipatazo 6,300 mlimani na nyingine kama 500 bondeni, akapiga hesabu akapata watu kati ya 30,000 na 40,000. Idadi hii mtaikuta bado kwenye vipeperushi vya utalii, na waongoza wageni wengi wanaipenda kwa sababu inamfanya mgeni aseme “ala!” Mimi ningeomba muiache, au mkiitaja mseme ni kadirio la Leakey na kwamba waliomfuata waliipunguza sana.

Sababu yake inaeleweka hata bila shahada. Kiwanja ulichokiona leo huwezi kusema kilikaliwa siku moja na kiwanja cha jirani yake. Mzee akifa nyumba inahamwa, kijana akioa anachonga kiwanja kipya juu kidogo, ukuta ukibomoka mtu anaona ni rahisi kuanza kwingine kuliko kuukarabati. Baada ya miaka 300 mlima umejaa viwanja, na kila mwaka huenda sehemu tu ndiyo iliyokuwa na moshi. Tena si kila kiwanja kilikuwa nyumba ya kulala. Penye nyumba pana ghala, pana zizi, pana pa kukalia wazee.

Aliyekuja kuchimba kwa utaratibu ni Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali yetu miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Alifanya kazi pale mwaka 1964 na 1966, mlimani na bondeni. Baadaye akaja mwanaakiolojia John Sutton, ambaye kwa miaka mingi aliutazama mlima na mashamba kama kitu kimoja, na katika karne hii wakaja Daryl Stump na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, waliochunguza zaidi udongo wenyewe. Leo, kutokana na vipimo vya kaboni, vinavyokadiria umri wa vitu vya kale, na kazi hiyo yote, tunasema makazi yale yalistawi kati ya karne ya 15 na karne ya 18, na wengine wanarudisha mwanzo wake hadi karne ya 14. Maana yake, mkulima wa Engaruka alikuwa akichonga kiwanja chake wakati ule ule ambapo Wareno wanafika Mombasa na Kilwa. Walimu, hilo litawasaidia sana darasani. Wanafunzi wetu wanazijua tarehe za pwani kwa kukariri, na bara wanaliacha tupu mpaka aje mmisionari.

Kinachopatikana ndani ya viwanja ni vitu vya kawaida, na ukawaida huo ndio raha yake. Vigae vya vyungu. Mkaa wa jikoni. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Punje za mtama zilizoungua, zile ambazo mama fulani alizikasirikia siku hiyo kwa kuwa zilidondokea motoni, na kwa kuungua kwake zikapona kuoza, zikatufikia. Bila punje hizo tungekuwa tunabishana hadi leo walikula nini.

Nimesema nitarudi kwenye maji. Chini ya vijiji, kwenye tambarare, kuna mashamba ya kale yanayofikia hekta 2,000 hivi. Rudieni akilini: kilomita za mraba 20 za vitalu vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, vimesawazishwa kwa matuta ya ngazi na kulishwa na mifereji. Mfereji mkuu unatoka kwenye kijito pale kinapochomoza korongoni, unaambaa mteremko kwa mwinuko mdogo mno kiasi kwamba ukiwa unatembea juu yake huhisi kushuka, kisha unagawanyika, na tawi linagawanyika tena, mpaka maji yanafika kwenye kitalu cha mwisho yakiwa yamepungua nguvu ya kubeba udongo. Aliyepima mwinuko ule hakuwa na darubini ya upimaji. Nadhani alitumia maji yenyewe, akayaachia yapite kidogo kidogo na kuyafuata nyuma kwa jembe.

Na kuna jambo ambalo watu wa York walilichunguza kwa karibu, ambalo mimi binafsi naliona kubwa kuliko kuta zote. Upande wa kaskazini baadhi ya mashamba yalitengenezwa kwa kutega tope. Walijenga mistari ya mawe kukatiza njia ya maji ya mafuriko. Maji yakafika, yakapunguza mwendo, yakaacha udongo wake, yakaendelea. Mwaka uliofuata wakaongeza mstari mwingine wa mawe juu. Udongo ukapanda. Kwa hiyo sehemu ya ardhi ile iliyolimwa haikuwepo kabla ya mkulima. Aliitengeneza kwa udongo ulioporomoka kutoka nyanda za juu. Sisi leo korongo likianza shambani tunaita mradi.

Mjue pia kwamba yale marundo ya mawe yaliyotapakaa bondeni, ambayo wengi wanaamini ni makaburi ya majitu, kwa sehemu kubwa ni mawe yaliyoondolewa shambani ili jembe lipite. Yalipochimbwa hayakutoa wafalme.

Basi ni nani hawa? Enzi za ukoloni jibu lilikuwa tayari kabla ya swali. Mwaka 1933 mtafiti G.W.B. Huntingford alitangaza kuwepo kwa “ustaarabu wa Waazania”, watu waliotoweka ambao eti ndio waliojenga kila kitu cha mawe katika bara la Afrika Mashariki. Wazo lilikuwa tamu kwa waliotaka kuamini kwamba Mwafrika waliyemkuta hakuweza kupanga jiwe. Halina msingi, na limeshaachwa. Lakini mkia wake bado tunao. Kila tunaposema “watu wa ajabu waliotoweka” tunaushika mkia huo.

Wapo wanaowahusisha na Wasonjo, yaani Watemi, ambao hadi leo wanaishi kwa kilimo cha mifereji huko wilaya ya Ngorongoro, na wapo wanaowahusisha na Wairaqw wa nyanda za Mbulu. Mimi naelekea kwa Wasonjo kidogo zaidi, kwa sababu ya maji. Kwa Wasonjo mfereji una wenyewe: wapo wazee wa urithi wanaopanga zamu, na mtu hafungui maji kwa kuwa tu jembe liko mkononi. Mfumo wa ukubwa wa Engaruka hauwezi kwenda bila utaratibu wa namna hiyo. Pasipo zamu, kitalu cha juu kinafurika na cha chini kinakauka, na ugomvi unaanza kabla ya mavuno. Nani hasa alirithi damu ya nani ni suala ambalo mtu asilitumie kudai shamba la jirani yake leo. Nimeona ndugu wawili wanabadilishana macho pale kushoto, basi niishie hapo.

Kuhusu kuondoka kwao katika karne ya 18 nitapita haraka. Sutton alitilia mkazo maji yaliyopungua na mfumo uliotegemea kitu kimoja mno. Wengine wanataja shinikizo la wafugaji waliokuwa wakienea. Stump ametuonya tusiharakishe kuiita anguko, kwa kuwa mfumo uliodumu kwa karne tatu si wa kuhurumiwa. Serikali ngapi zimedumu karne tatu?

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inasema jengo au kazi ya mikono ya binadamu iliyofanywa kabla ya mwaka 1886 ni ya kulindwa, na vitu vinavyohamishika ni vile vya kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga ya Waswahili ina kifungu chake, hadi mwaka 1940. Kwa hiyo ukuta wa shamba la Engaruka umo ndani ya sheria hata kama hauna kibao mbele yake. Kuchimba bila leseni ni kosa. Ukikuta kitu cha kale unatakiwa kutoa taarifa. Juu ya hayo, tangu mwaka 2018 eneo hili limo ndani ya Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, yaani eneo la urithi wa kijiolojia, inayotambuliwa na UNESCO, ya kwanza kusini mwa Sahara, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro nayo ina mkono katika kulisimamia, ijapokuwa Engaruka yenyewe iko nje ya mpaka wa hifadhi.

Kwenye karatasi, basi, tuko vizuri. Shida ni kwamba sheria inamfunga mtu kwa kitu anachokitambua. Hakuna mwanakijiji mwenye akili timamu atakayekwenda na nyundo kwenye ukuta wa msikiti wa Kilwa. Lakini mtu anayejenga msingi wa nyumba, akaona mawe mazuri yamekaa tu mlimani, tena yamechaguliwa kwa ukubwa na mtu mwingine, atayachukua, na moyoni mwake hajaiba kitu. Ng'ombe wakishuka kunywa maji kila siku kwa njia ile ile wanavunja kona ya kiwanja, mvua inaingia pale, na baada ya masika machache kiwanja kimekuwa korongo. Mgeni naye anapanda juu ya ukuta ili picha itoke vizuri. Wote hawa wanaharibu, na hakuna hata mmoja aliye adui.

Yupo na mwingine mnayemjua: mtafuta mali ya Mjerumani, yaani hazina inayodhaniwa ilifukiwa na Wajerumani. Katika maeneo mengi ya kale nchini mwetu utakuta mashimo ya usiku, yamechimbwa na mtu aliyeambiwa kwamba penye rundo la mawe pana sanduku la dhahabu. Wajerumani walipofika nchi hii, viwanja vile vilikuwa vimehamwa zaidi ya miaka 100. Mkikutana na huyo kijana mwambieni kwamba alichokikata kwa sururu ni jiko la mtu maskini wa mtama, na pesa hamna.

Lakini kama mngeniuliza ninachokihofia zaidi, nisingetaja mlima. Mlima ni mgumu, una miiba, haulimiki. Ninahofia mashamba. Watu wa Engaruka Juu wanalima leo mahindi, maharage, ndizi na nyanya kwa maji ya mto ule ule, na sehemu ya ardhi bora wanayoilima ndiyo ile ile iliyosawazishwa na wale wa kale. Pale jembe la ng'ombe linapopita, mstari wa mawe unakuwa kero. Unaondolewa jiwe moja moja na kurundikwa pembeni. Halafu tunabaki na viwanja mlimani visivyo na mashamba chini. Ni sawa na kumwonyesha mtoto chumba cha kulala cha mkulima na kumwacha aamini kwamba alikuwa analala tu.

Nikisema hivyo wapo wanaodhani napendekeza watu waondolewe. Sipendekezi, na namwomba mwaminifu mmoja aandike hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Nchi hii tumeshapata mafunzo ya kutosha kuhusu hifadhi zinazoanza kwa kuhamisha watu. Ninachosema ni kwamba kijiji, halmashauri na watu wa malikale wakae wachore ramani pamoja: hapa mstari wa mawe bado mzima, usiguswe, hapa umeshaondoka, lima, hapa unaweza kulima katikati ya mistari bila kuing'oa, kama wenyewe walivyofanya. Konso, kule Ethiopia, watu wanaishi na kulima ndani ya matuta yao ya mawe, na mwaka 2011 mandhari yao iliingia kwenye Urithi wa Dunia wakiwa humo humo. Kuna tofauti, nakubali: Wakonso wanakarabati kuta za babu zao kwa desturi isiyokatika, na sisi desturi ya pale ilikatika. Hata hivyo inaonyesha kwamba jembe na ukuta wa kale vinaweza kukaa shamba moja.

Na ada za kiingilio zionekane kijijini. Mtu anayeona darasa limeezekwa kwa fedha ya viwanja hatahitaji mgambo wa kumkumbusha asichukue mawe. Sitaki kuingia katika hesabu za nani amepata nini, ila wazee wa Engaruka walioko hapa wamenielewa.

Walimu, ombi langu kwenu ni dogo. Msimpeleke mtoto kushangaa. Mpelekeni akasome kiwanja kimoja tu kwa saa nzima. Aonyeshe wapi mlima ulikatwa, wapi ulijazwa, ukuta uko upande gani na kwa nini, mlango ungeweza kuwa wapi, maji yangetoka wapi, jirani ni nani. Akimaliza, kiwanja cha pili atakiona mwenyewe, na cha kumi atakuwa anakuonyesha wewe. Mwanafunzi aliyewahi kukisoma kiwanja hawezi tena kukiona kama rundo la mawe, na huyo ndiye mlinzi, maana walinzi wa kuajiriwa hawatoshi kilomita za mraba 20.

Waongoza wageni, kwenu nina mawili. Anzeni ziara bondeni, kwenye mfereji, kisha pandeni mlimani. Mgeni akiwa ameshaona shamba ataielewa nyumba. Na chifu yule aliyekaa kuhukumu kwenye jiwe mumpumzishe.

Wanaokwenda kesho: basi linaondoka hapa saa 12 asubuhi, na dereva hasubiri mtu. Vaeni viatu vya kufunga, miiba ya kule haina adabu, na kila mtu abebe maji yake. Tutaanza ofisi ya kijiji kusaini kitabu, ndipo tupande. Kila kundi litapewa kiwanja kimoja, kamba ya kupimia, karatasi na penseli. Mtachora na kupiga picha. Kigae mtakachokiona kinabaki pale pale, hata kiwe kizuri namna gani, na ikiwa mvua imekifukua upya mtanionyesha nichukue alama ya mahali ili tumwarifu mhusika wa mambo ya kale. Nimemaliza zangu. Mwenyekiti, naona mzee wa mstari wa mbele ameinua fimbo muda mrefu. Naomba tuanze na yeye, chai isubiri kidogo.